Itiko la Mheshimiwa Waziri

Nchi hii haimo kwenye ramani yoyote, na ramani hazijawahi kulalamika. Ina mto mmoja, vilima kadhaa, na mawaziri wengi kuliko barabara zake. Lugha ya wenyewe wanayo, wanatukaniana nayo sokoni na kubembelezana nayo nyumbani, lakini serikali iliona haya kuitumia kutawalia. Ikaamuliwa kwamba mambo mazito yote, yaani ardhi, kodi na kufungwa jela, yatasemwa kwa Kiingereza. Na ili mwananchi asije akadai hakuelewa, ikaundwa Wizara ya Usikivu.

Basi kila Jumanne asubuhi, katika kila kata, watu walikusanywa kiwanjani kwa Zoezi la Usikivu. Spika ilitundikwa juu ya nguzo, kaseti ikawekwa, na sauti ya mzungu asiyeonekana ikaanza kueleza jinsi alivyopoteza mwavuli wake kwenye kituo cha garimoshi. Nchi hiyo haina garimoshi. Mwanzoni, kaseti ilipokwisha, watu waliulizwa maswali: mwavuli ulikuwa wa rangi gani, na nani aliuokota. Hakuna aliyejibu. Wizara ikaketi, ikachunguza, ikagundua kwamba hata wasahihishaji hawakuyajua majibu, ikatoa uamuzi wa busara kwamba tatizo ni maswali. Maswali yakafutwa. Tangu hapo aliyeelewa alionyesha kwa kuitika kwa kichwa, kukiinamisha na kukiinua kwa adabu kila sauti iliponyamaza, na kitendo hicho kikapewa jina rasmi: Itiko.

Bunge halikuchelewa. Likapitisha sheria kwamba Itiko lina nguvu kuliko sahihi na kuliko dole gumba, kwa kuwa wino hununuliwa lakini shingo Mungu amezigawa bure. Kichwa kikishainama, neno limekwisha. Aliyeuliza swali baada ya kaseti alishtakiwa, maana ametoa ushahidi yeye mwenyewe kwamba hakusikia. Na aliyeitika bila kuelewa, ikithibitika, alikuwa na kosa kubwa zaidi, Usikivu wa Uongo, ambalo adhabu yake ni kufungwa na kutangazwa mjinga wa taifa. Kosa hilo halikuwa limethibitika kwa mtu yeyote, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kulithibitisha.

Sheria zote hizo zilitungwa na mtu mmoja, Mheshimiwa Profesa Daktari Pazi Mkungume, Waziri wa Usikivu, bingwa wa Itiko wa taifa. Alikuwa na shingo nene na laini, ikikunjika vizuri. Watu walisema anapoitika hata aliyekuwa anasema uongo anajiamini.

Katika Kata ya Tambuu, safu ya mbele ilikuwa na kiranja wake, Sikudhani binti Likwata. Msimtazame kwa huruma mapema. Sikudhani alikuwa mwanamke wa makamo, mkali, mwenye ulimi, na beji yake ya ukiranja aliivaa hata msibani. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha vichwa vya safu yake vinashuka pamoja na kupanda pamoja, na vilishuka. Mzee mmoja aliyesinzia akaitika kwa kuchelewa alisemwa mpaka akahamia kata nyingine. Kiingereza chenyewe Sikudhani hakukijua. Alijua sauti inaponyamaza, na hilo lilitosha kumpa beji.

Baba yake, Mzee Likwata, alikuwa na shamba la kahawa juu ya Kilima cha Tambuu, na katikati ya shamba alikuwa amemzika mkewe, mama yake Sikudhani. Kila jioni mzee aliketi karibu na kaburi lile akamweleza marehemu habari za siku, bei ya kahawa, nani kaolewa na nani kaachwa. Miaka mingi ya kubeba magunia ilikuwa imemkaza shingo, na ndiye mtu pekee katika safu ya mbele aliyempa kiranja aibu.

Jumanne moja Mheshimiwa Mkungume alikuja mwenyewe Tambuu. Watu walipewa soda. Kaseti ikawekwa, na safari hii sauti haikutaja mwavuli. Ilikuwa ya polepole na nzito, ikisimama kila baada ya sentensi kama mtu anayehesabu mifugo ya kununua. Ilipotua mara ya kwanza, kata nzima ikatazama safu ya mbele, na safu ya mbele ikamtazama Mzee Likwata, ambaye hakuitika.

"Mwanangu," mzee alinong'ona, "huyu mtu leo hachezi. Anasema nini?"

"Baba, itika tu. Waziri anatutazama."

"Niitike nini?"

"Baba, usiniaibishe."

Akaweka kiganja nyuma ya shingo ya baba yake, pale penye mfupa, akakandamiza. Kichwa cha mzee kikashuka. Kata nzima ikashuka naye. Sauti ikaendelea, ikatua tena, na kila ilipotua kiganja cha Sikudhani kilikuwa palepale, kikisaidia. Mwisho wa zoezi Waziri alimpa kiranja mkono na sufuria ya zawadi, akawapongeza watu wa Tambuu kwa masikio yao.

Wiki iliyofuata lilipanda tingatinga. Mibuni ikang'olewa, zikapandwa nyasi fupi za kijani zilizonyweshwa maji mchana kutwa wakati bomba la kata limekauka. Kilima kikawa uwanja wa gofu wa Mheshimiwa Waziri na wageni wake. Mzee Likwata alipanda kuuliza habari za kaburi, askari wa getini wakamrudisha, lakini aliona kwa mbali. Shimo la saba lilikuwa limechimbwa miguuni pa mkewe, na kibendera chekundu kimechomekwa juu yake. Alimwona mgeni mmoja aliyenona akichuchumaa, akiingiza mkono na kutoa kimpira.

Mzee hakula vizuri tena baada ya hapo. Kabla ya masika alikufa. Wosia wake ulikuwa mmoja, azikwe kilimani ubavuni mwa mkewe. Jeneza lilifika getini likarudishwa, kwa kuwa waombolezaji walishindwa kuomba ruhusa kwa lugha inayotakiwa. Wakamzika chini, kando ya barabara, karibu na bango la soda. Soda ilikuwa ileile waliyopewa siku ile.

Watu walipoondoka Sikudhani alibaki. Hakulia. Alivua beji, akaifukia kwenye udongo uliokuwa bado laini.

"Baba," alisema, "kiganja hiki ndicho kilichokuuza. Mkungume amekichukua kilima kwa kichwa chako. Nami nitakirudisha kwa kichwa chake, na wewe atakubeba mwenyewe mpaka juu."

Ndivyo alivyoapa. Wengi huapa makaburini, kisha hurudi nyumbani wakachemsha chai. Yeye alikwenda kutafuta mwalimu.

Mwalimu Chiponda alikuwa amefukuzwa shule kwa kosa la kuuliza swali. Kaseti ilipokwisha, mbele ya mkaguzi, aliuliza hivi: mwavuli ulipatikana au haukupatikana? Kifungo chake kilipokwisha alihamia nyuma ya kinu cha kukoboa mahindi, akawa anafuga bata na kusikiliza redio za nje kwa sauti ya chini. Sikudhani alimkuta jikoni akimenya muhogo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, kiranja. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja unifundishe kusikia."

Mwalimu akaweka muhogo chini. "Kuitika unakujua. Nani kakuambia kuna kitu kingine?"

"Baba yangu yuko kando ya barabara, mwalimu. Ndiye aliyeniambia."

Mwalimu akasogeza kigoda. Kila alasiri, kinu kilipowashwa na kelele zake zikawaficha, akawasha redio kaseti yake kuukuu na kumwekea Sikudhani kanda ileile ya mwavuli. Mara ya kwanza Sikudhani alisikia mvua juu ya bati, basi. Hakukuwa na pa kushika. Alikunja uso, akafumba macho, akalishika neno moja alilolifahamu, akalikumbatia kwa furaha, na alipofumbua macho kanda ilikuwa imekwisha.

"Unajua kosa lako?" Mwalimu akamwambia. "Neno likikupita unalikimbilia. Ukilikimbilia hilo, kumi yanakupita nyuma yako. Liache liende. Shika linalokuja."

"Na nililoliacha?"

"Likiwa na maana litarudi. Watu hurudia mambo yanayowauma."

Aliambulia patupu siku nyingi. Alitukana kanda, akatukana garimoshi, akamtukana mzungu na mwavuli wake. Mwalimu alimkataza kuitika. Hicho ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, kwa sababu shingo ya Sikudhani ilikuwa imezoea, sauti ikitua tu inashuka yenyewe. Mwalimu akamwekea bakuli la maji kichwani. Maji yakimwagika, kanda inaanza upya. Alirudi nyumbani amelowa mpaka majirani wakadhani ameokoka.

Kisha, alasiri moja, mvua ile ikaacha kuwa mvua. Akasikia mtu. Akasikia mtu amesimama mahali, ana wasiwasi, anamwuliza karani kitu, naye karani anamjibu kwa dharau ileile ya makarani wa hapa. Sikudhani akaweka mkono mdomoni.

"Mwalimu, mwavuli hakuupoteza," akasema. "Umeibwa. Na yule karani ndiye mwizi."

"Haya, sasa unasikia," Mwalimu Chiponda akasema, akaenda kuwalisha bata.

Miaka ikapita, Mwalimu akimfundisha kukisoma na kukisema Kiingereza. Wakati huo mzungu wa kwenye kaseti alikuwa amechoka na nchi ile akarudi kwao. Wizara ikatangaza nafasi ya Sauti ya Taifa. Waombaji wakajaa ukumbini. Kila mmoja aliingia mbele ya kamati akasoma ukurasa, na kamati ikamkataa kwa sababu ileile: tumekuelewa. Alipofika Sikudhani, alisoma kama alivyofundishwa, bila kulipigia kelele wala kulitafuna neno lolote. Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti akavua miwani.

"Mimi sikuelewa hata kidogo," akasema kwa heshima.

"Wala mimi," akasema wa pili.

"Basi tumempata."

Wakampa chumba, kipaza sauti na pazia zito, wakamkanya asionekane hadharani, kwa kuwa wananchi walizoea kuamini kwamba Sauti ni ya mzungu na haikuwa vizuri kuwavuruga. Kwenye kumbukumbu za wizara akaandikwa kwa jina la kigeni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusoma tamko kwa kata moja ya kaskazini yenye bonde zuri. Alipoanza sentensi ya kwanza akaitambua; ilikuwa imemkaa masikioni tangu siku ya soda. Lilikuwa ni tamko lilelile walilosomewa Tambuu. Tofauti ilikuwa jina la mahali tu. Tunatoa ardhi hii kwa hiari, ilisema. Tunatoa na makaburi yake. Hatutadai, na watoto wetu hawatadai. Alilisoma lote mbele ya kinasa sauti, kwa sauti isiyotetemeka, kisha akalirudia akibadilisha maneno machache ili ile hiari iwe ya Waziri kukarabati daraja la kata ile kwa mshahara wake. Daraja likakarabatiwa. Waziri aliisikiliza kanda, akaitika kama kawaida na kutia saini kila kitu, akilalamika kidogo tu kwamba nchi imekuwa ghali. Sikudhani akajua kwamba anaweza.

Ikafika Siku ya Usikivu, sikukuu kuu ya taifa. Siku hiyo baraza zima la mawaziri hukaa jukwaani mbele ya umma na mabalozi, Sauti husoma moja kwa moja kutoka nyuma ya pazia, na viongozi huitika ili wananchi waige. Kabla ya hapo, maneno ya Sauti hupelekwa kwa Kamati ya Uhakiki. Sikudhani aliyapeleka kamili, bila kuficha hata nukta. Kamati ilisikiliza, ikaitika, ikaomba isomewe tena kwa kuwa yalikuwa matamu, ikaitika tena, ikagonga muhuri.

Uwanja ulifurika. Mkuu wa Nchi alikaa katikati. Kulia kwake alikaa Mheshimiwa Mkungume, medali zikimning'inia kifuani, shingo imepakwa mafuta. Alianza kwa hotuba ndefu.

"Ndugu wananchi," alisema, "mataifa mengine yana dhahabu, yana mafuta, yana bahari. Sisi tuna masikio. Nani atatuibia masikio? Ninaposikiliza, mimi husikiliza kwa niaba ya wagonjwa, ya wafungwa, hata ya watoto ambao hawajazaliwa. Mimi ni sikio lenu. Nanyi ni nini? Ninyi ni ule utulivu unaolizunguka sikio."

Watu wakapiga makofi. Pazia likatikisika kidogo, na Sauti ikaanza.

Ilianza na mwavuli, na jukwaa likatulia. Mawaziri wakaegemea viti. Wakaitika. Kisha Sauti ikapunguza mwendo. Ikasema kwamba Waziri wa Usikivu anakiri kukitwaa Kilima cha Tambuu kwa hila. Ikatua. Mheshimiwa Mkungume akaitika kwa kina, kidevu kikagusa medali, na baraza zima likamfuata. Ikasema kwamba anakirudisha, pamoja na mabonde yote yaliyotwaliwa hivyo. Ikatua. Wakaitika. Ikasema kwamba leo anaacha uwaziri. Wakaitika. Ikasema kwamba kwa mikono yake mwenyewe atamfukua Mzee Likwata kando ya barabara, atambeba begani mpaka kilimani, na kumchimbia kaburi jipya ubavuni mwa mkewe. Balozi mmoja akaacha kutafuna. Mwingine akafunika uso kwa leso, mabega yakimcheza. Mkuu wa Nchi, alipowaona mabalozi wameguswa, akaitika mara mbili.

Mwisho Sauti ikasema kwamba yote hayo yasomwe sasa hivi, mbele ya watu wote, kwa lugha ya nyumbani. Wakaitika, wakaanza kutafuta juisi zao.

Pazia likafunguka. Akatoka mwanamke wa makamo, kavaa khanga ya msiba, mkononi ana karatasi yenye muhuri. Kuna watu wa Tambuu waliomtambua kiranja wao, wakakaa sawa kwa mazoea.

"Mheshimiwa Mkuu wa Nchi," Sikudhani alisema kwenye kipaza sauti, "mmeitikia niyasome haya kwa lugha yetu. Nayasoma."

Akasoma. Alisoma polepole, akitua palepale alipotua mwanzo, na kila alipotua aliwatazama watu wote, kisha akamtazama Waziri. Alipofika kwenye kilima, jasho lilianza kumtiririka Mheshimiwa kwenye shingo ile yenye mafuta. Alipofika kwenye kaburi, Mheshimiwa alisimama.

"Huu ni..." akaanza.

Jaji Mkuu, mzee mpole aliyeogopa kila kitu isipokuwa sheria, akainua kidole. "Mheshimiwa Waziri, mahakama inauliza jambo dogo tu. Uliitika. Je, ulielewa ulichokiitikia, au hukuelewa?"

Hapo ndipo Sikudhani alipokuwa akimngoja tangu siku ya bango la soda. Akikubali kwamba alielewa, yeye ni mwizi aliyekiri. Akisema hakuelewa, ni Usikivu wa Uongo, jela, na mjinga wa taifa kwa kalamu yake mwenyewe. Mheshimiwa akawageukia wenzake awaombe msaada. Lakini wao pia walikuwa wameitika. Wote walijua kwamba akiponyoka kwa mlango huo, watakaoulizwa baadaye ni wao.

"Mimi nilielewa," akasema Waziri wa Fedha haraka.

"Nilielewa vizuri sana," akasema Waziri wa Afya.

"Kwa kweli limenigusa," akasema Mkuu wa Nchi, akimtazama Mkungume kwa macho ya mtu anayefunga mlango. "Huu ni uungwana mkubwa, Profesa. Nchi haitausahau."

Mheshimiwa Mkungume alisimama peke yake. Angeweza kukaa jela na kutoka siku moja akiwa na kilima chake. Ila ilibidi aseme, mbele ya uwanja mzima na mabalozi, neno moja ambalo hajawahi kulitamka maishani mwake: sikuelewa. Alifungua kinywa. Uwanja ukangoja.

"Nilielewa," akasema. "Kila neno."

Kesho yake watu wa Tambuu walijipanga kando ya barabara. Hakuna aliyewaambia waje. Mkungume alichimba karibu na bango la soda akiwa amevaa suti, kwa kuwa hakuwa na nguo za kazi. Mifupa ya mzee ikafungwa kwenye sanda mpya, akaiweka begani, akapanda nayo kilima huku viatu vyake vikiteleza kwenye nyasi alizozipanda mwenyewe. Mwalimu Chiponda alimfuata nyuma na redio kaseti, akimpigia kanda ya mwavuli tangu mwanzo hadi mwisho. Wazee walitembea kimya. Askari wa getini walifungua bila kuombwa kwa lugha yoyote.

Kwenye shimo la saba Sikudhani aling'oa kibendera chekundu akakitupa. Akamwonyesha mahali. Mkungume akachimba. Udongo wa kilima kile ni mgumu chini ya nyasi, na mikono yake ilikuwa ya kushikia bilauri. Shimo lilipomfika magotini akanyoosha mgongo, uso umejaa matope.

"Dada yangu," akasema, "tafadhali. Kina hiki hakitoshi?"

Sikudhani akamjibu kwa Kiingereza, kwa ile Sauti ya Taifa, taratibu, kila neno limetengwa na jirani yake. Alimwambia kwamba kitatosha siku atakayoelewa anachoambiwa. Kisha akanyamaza.

Mkungume akatazama huku na huku. Hapakuwa na wa kumfuata. Wazee wote walikuwa wamesimama na vichwa vyao vimenyooka. Kisha, polepole, akaitika.

Sikudhani akachuchumaa ukingoni mwa kaburi. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja nyuma ya shingo ile, pale penye mfupa, akakandamiza. Kichwa kikashuka, kikashuka zaidi, mpaka paji la uso likagusa udongo. Miaka yote aliyokaa jikoni kwa mwalimu alikuwa akijiuliza kama siku hii itakuwa tamu au itakuwa chungu. Ilikuwa tamu. Kiganja chake kilikuwa bado kinaikumbuka shingo nyingine, na ilikuwa tamu vilevile.

"Chimba," akamwambia, kwa lugha ya nyumbani.